Uzi: Kwa mhamiaji, kinacholeta kuridhika na maisha ni kazi au kipato?

#1 NauliYaKwenda
Wakuu, salaam. Nimekaa ugenini muda wa kutosha kuona watu wakitoka kwenye kubeba boksi hadi ofisini, na wengine wakitoka ofisini hadi kwenye boksi. Nina hoja yangu, mnaotaka kuipiga mawe ruksa: kwa mhamiaji, kuwa na kazi kunachangia kuridhika na maisha kuliko ukubwa wa mshahara. Akishamudu kodi ya nyumba, chakula na kutuma kidogo kwao, kinachoongezeka hapo ni tarakimu tu benki. Nawajua wenye mishahara minono ambao kila ukikutana nao ni malalamiko, na nawajua wafagiaji wanaolala usingizi wa mtoto mchanga. Mwenye maelezo mengine aje.

#2 BoksiJuuYaBoksi
Wanaosema pesa si kitu huwa tayari wanayo. Naingia shifti, nikitoka nitarudi kukujibu vizuri.

#3 MtuWaHesabu
Mkuu #1, kazi na kipato vyote vinaweza kuwa si jibu. Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2018 iliwapanga wahamiaji wa nchi 117 kwa kutumia kura za maoni za shirika la Gallup. Mtu anaulizwa ajiweke kwenye ngazi yenye vidato 0 hadi 10, juu kabisa ni maisha bora anayoweza kuyafikiria, chini ni mabaya kabisa. Finland iliongoza kwa wakazi wote, ikaongoza pia kwa wahamiaji peke yao. Na si Finland tu: kwa jumla, alama za wahamiaji zilikaribiana sana na za wazawa wa nchi waliyohamia.

Maana yake, ukihamia mahali ambapo watu wanaaminiana, hospitali zinafanya kazi na rushwa ni ndogo, na wewe unapanda nao. Ukihamia penye karaha, unakaribia karaha yao. Mshahara wako ni sehemu ndogo ya hiyo picha.

#4 DadaWaZamu
MtuWaHesabu, wastani huwa unaficha watu. Ndani ya nchi hiyohiyo moja kuna mhamiaji daktari na kuna mhamiaji daktari anayeendesha teksi. Ukiwachanganya utapata alama nzuri, lakini mmoja wao hajalala.

Nitoe yangu. Nilikuwa muuguzi mwenye cheti na uzoefu wa wodi ya upasuaji. Nilipofika huku cheti kikawa karatasi tu, nikaajiriwa kuhudumia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwabadilishia shuka. Wala sidharau kazi hiyo, ina uzito wake. Mshahara wa uhudumu ulikuwa mkubwa kuliko wowote niliowahi kuushika nikiwa muuguzi. Kwa hesabu ya NauliYaKwenda nilitakiwa niwe nimeridhika mara mbili, nina kazi na nina kipato. Lakini nilikuwa namwona mzee ana kidonda kinachoanza kuoza, najua la kufanya, na siruhusiwi kukigusa. Naandika kwenye daftari, namsubiri muuguzi. Siku nyingine anakuja kijana, anafunga vibaya, nami nimesimama pembeni nimeshika beseni.

Leseni ilipotoka mshahara ulipanda kidogo tu, ukishakatwa kodi hata huoni. Lakini nilianza kuulizwa, "Sista, wewe unaonaje?" Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu miaka ya kurudi kwetu. Kwa hiyo kazi yoyote tu haitoshi. Lazima iwe kazi inayokutambua.

#5 MgeniNjoo
Nakazia #4. Ujerumani walitunga sheria iliyoanza Aprili 2012 inayompa aliyesomea nje haki ya kudai ujuzi wake upimwe ulingane na wa kwao. Si kwamba utapewa leseni, ila lazima wakupime na wakwambie unapungukiwa nini. Kujua unapungukiwa nini nako kuna ahueni yake.

#6 TajiriMtarajiwa
Mnazunguka bure. Ilishathibitishwa kwamba ikizidi dola 75,000 kwa mwaka furaha inagota. Uzi ufungwe.

#7 MtuWaHesabu
Uzi haufungwi. Hiyo ni ya watafiti Kahneman na Deaton, mwaka 2010, na waliohojiwa ni wakazi wa Marekani kwa ujumla, hawakuwa wakichunguza wahamiaji. Tena kilichogota pale ni hisia za kila siku: kucheka, huzuni, msongo. Tathmini ya maisha, ile ya ngazi, iliendelea kupanda na kipato. Mwaka 2021 mtafiti mwingine, Killingsworth, akaja na data inayoonyesha hata hisia hazigoti. Mwaka 2023 yeye na Kahneman wakakaa meza moja pamoja na Barbara Mellers, wakakuta kwamba kwa wengi furaha inaendelea kupanda, inagota kwa lile kundi dogo ambalo tayari halina raha. Usiilete hapa kama msahafu.

#8 TajiriMtarajiwa
Sawa profesa. Basi nipeni hiyo 75,000 niipinge kwa vitendo.

#9 BoksiJuuYaBoksi
Nimetoka shifti. NauliYaKwenda, nisome taratibu.

Mimi sikuja huku kuridhika, nilikuja kutafuta. Nina orodha: ada za wadogo zangu, nyumba ya mama, mtaji. Kila wiki nikilipwa nafuta kitu kwenye orodha. Kazi ninayofanya ni ya ghala, napakia usiku, msimamizi hajui jina langu, ananiita kwa namba ya kizibao. Hainiumi hata kidogo. Kwa nini? Kwa sababu wanaojali mimi ni nani hawapo hapa kuniona nimebeba. Wao wanaona nyumba inapanda. Kwa hiyo kwangu mimi kipato ndiyo kila kitu na kazi ni mlango wa kukifikia. Ovataimu ikikatwa, siku hiyo ndiyo utaniona sijaridhika.

Dada #4 yeye alikuwa ameshahamisha moyo wake huku. Ndiyo maana beseni lilimuuma.

#10 DadaWaZamu
Kaka yangu, ngoja uoe huko na mtoto akuulize unafanya kazi gani.

#11 MtuWaHesabu
Mnaongea jambo ambalo mwanauchumi Michael Piore aliliandika mwaka 1979. Alisema mhamiaji wa mwanzo anaichukulia kazi kama chombo cha kupata fedha tu, hadhi yake ameiacha kwao, ndiyo maana anakubali kazi ambazo mwenyeji anazikimbia. Mambo yanageuka akianza kukaa moja kwa moja. Hapo hadhi ya kazi inaanza kumkera, na watoto wake ndiyo kabisa hawataki kuisikia.

Kwa hiyo BoksiJuuYaBoksi na DadaWaZamu wanaweza kuwa mtu mmoja katika nyakati mbili tofauti. Na mtafiti David Bartram aliangalia Marekani akakuta uhusiano kati ya kipato na kuridhika ni mkubwa kwa wahamiaji kuliko kwa wazawa. Hii ni pointi ya Boksi. Ila akaongeza kwamba hata kwa wahamiaji uhusiano wenyewe bado ni mdogo. Hii ni pointi ya mleta uzi. Gawaneni.

#12 BoksiJuuYaBoksi
Nimeolewa na orodha yangu dada #10. 😂

#13 MkeWaViza
Habari zenu. Huwa nasoma tu, leo nachangia.

Mume wangu aliitwa na kampuni, mimi nikaja kama tegemezi. Viza yangu ilikuwa hainiruhusu kufanya kazi ya kulipwa ya aina yoyote. Kipato cha nyumba kilikuwa kikubwa kuliko tulichowahi kukiota. Kwetu nilikuwa mhasibu, nafunga hesabu za mwezi, watu wananisubiri mimi. Huku nikawa naomba hela ya dawa ya nywele. Mume wangu ni mtu mwema, hajawahi kuninyima. Tatizo halikuwa kunyimwa, tatizo lilikuwa kuomba. Mngekuja na ngazi yenu ya 0 hadi 10 mngemhoji yeye akasema 8, mkaandika kaya hii imeridhika.

#14 MgeniNjoo
Pole sana dada. Marekani jambo hili lilikuwa kubwa kwa wenza wa wenye viza ya H-1B, ile ya kazi za kitaalamu; wenza hao wanapewa H-4. Hawakuruhusiwa kufanya kazi hadi mwaka 2015, na hata hapo waliofunguliwa mlango ni wale tu ambao wenza wao tayari wako njiani kupata ukazi wa kudumu. Wengine bado wamekaa nyumbani na digrii zao.

#15 NauliYaKwenda
Dada #13 asante kwa kujitokeza. Mnaona sasa? Pesa ipo, kazi haipo, kuridhika hakuna. Hoja yangu imesimama.

#16 AnayesubiriJibu
Haijasimama vizuri mkuu. Mimi niliomba hifadhi. Wakati nasubiri jibu nilikuwa sina ruhusa ya kazi, napewa posho ndogo. Nikapata kibarua cha kimyakimya, cha kulipwa mkononi. Kwa hiyo kazi ninayo, kipato ninacho. Kuridhika? Kila gari likisimama nje nashtuka. Mwenye kibarua alijua sina karatasi, akawa analipa anavyojisikia, na sina pa kumshtakia. Nilikuwa na amani zaidi nilipokuwa sina kazi.

Mnachokiita kazi, mimi nakiita ruhusa. Karatasi zikitoka, hata kazi ya kuosha vyombo inakuwa tamu.

#17 MgeniNjoo
Tuongeze sheria zilivyo ili mjadala usielee. Uingereza mwomba hifadhi anaweza kuomba ruhusa ya kazi akishasubiri miezi 12, na hapo ni kwa kazi zilizo kwenye orodha maalumu tu. Umoja wa Ulaya agizo la mwaka 2013 lilisema isizidi miezi 9, na la 2024 likashusha hadi 6. Uganda sheria yake ya wakimbizi ya 2006 inawatambulia haki ya kufanya kazi. Pamoja na hayo, kuwa na haki na kupata ajira ni vitu viwili.

#18 MzeeWaMkataba
Vijana, huyo wa #16 kanigusa. Mimi nilikuwa Ghuba kwa mkataba. Tulikuwa mafundi wa aina moja, mshahara mmoja, chumba kimoja, na bado mmoja anaimba na mwingine analia. Tofauti ilikuwa bosi. Chini ya utaratibu wa kafala huwezi kuhama kazi bila ridhaa ya aliyekuleta. Bosi akiwa muungwana unaona maisha mazuri, akiwa mkorofi hela haikusaidii kitu maana umefungwa kwake.

Qatar waliondoa sharti la ridhaa ya mwajiri mwaka 2020, na Machi 2021 wakaweka kima cha chini cha riali 1,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wote. Ukiniuliza kipi kilikuwa kikubwa kati ya hivyo viwili, nitakwambia cha kwanza. Mtu anayeweza kuondoka huvumilia mengi kwa hiari yake.

#19 BoksiJuuYaBoksi
Shikamoo mzee. Ila kwa anayelipwa chini ya hiyo 1,000, cha pili ndicho kikubwa.

#20 MzeeWaMkataba
Marahaba. Wewe orodha yako itakumaliza.

#21 MtuWaHesabu
Nilikuwa naitunza hii, sasa ni wakati wake. Tatizo la stori zetu zote ni kwamba wanaohama hawafanani na wanaobaki tangu mwanzo. Huenda wanaohama ni watu wasiotulia, na wangelalamika popote. Utajuaje basi kama ni kuhama kumeleta shida au mtu alikuja nayo?

New Zealand waliwapa watafiti njia ya kulijibu bila kukusudia. Kila mwaka kuna nafasi chache za ukazi kwa raia wa Tonga, na waombaji wakizidi inachezwa bahati nasibu. Steven Stillman, John Gibson, David McKenzie na Halahingano Rohorua wakawalinganisha walioshinda wakahama na walioomba wakashindwa. Wote walitaka kuhama, bahati ndiyo iliyowatenganisha.

Kipato cha waliohama kilipanda sana. Afya ya akili ikawa bora. Lakini furaha waliyoisema wenyewe ikashuka baada ya miaka kadhaa. Na kuna jambo ambalo mimi binafsi nalipenda zaidi: ukiwauliza waliohama wajilinganishe na walivyokuwa kabla, wanasema wamepanda, hata kwa heshima waliyonayo katika jamii. Ukiwalinganisha na wenzao waliobaki, heshima hiyo imeshuka. Yaani walipofika huko waliitazama upya hali yao ya zamani, wakaiona duni kuliko walivyokuwa wakiiona walipokuwa ndani yake.

#22 TajiriMtarajiwa
Kwa hiyo shemeji yangu anayesema "kule nilikuwa nateseka" wakati alikuwa na gari na msaidizi wa nyumbani, si mwongo? Ni sayansi?

#23 DadaWaZamu
😂😂 Mwache shemeji apumue.

Ila #21, afya ya akili juu na furaha chini kwa wakati mmoja mimi naielewa kabisa. Hofu zimepungua, najua mtoto akiugua atatibiwa. Na bado naweza kukaa wiki nzima sijacheka kicheko cha tumbo. Ni vitu viwili tofauti, na kipato kinatibu cha kwanza.

#24 BintiWaPili
Mimi nimezaliwa huku, wazazi ndio waliohama. Baba akilipwa alikuwa anajilinganisha na kaka zake waliobaki, anaona ameshinda. Mimi nina mshahara mkubwa kuliko aliowahi kuupata yeye, najilinganisha na niliosoma nao darasa moja, na naona nimebaki nyuma, maana kuna milango naona wenzangu wanapita na mimi naambiwa "tutakupigia".

Mtafiti Mirna Safi mwaka 2010 alichambua takwimu za Ulaya akakuta pengo la kuridhika kati ya wahamiaji na wenyeji halizibiki tu kwa kupita miaka wala kwa kuzaliwa kizazi cha pili, na ubaguzi anaouhisi mtu ni sehemu ya maelezo. Wazo la kwamba muda ukipita kila kitu kitakaa sawa halijanitokea mimi wala dada zangu. Na MtuWaHesabu, hili haliendani sana na ile ripoti yako ya #3.

#25 MtuWaHesabu
Linaendana kwa shida, kweli. Ripoti inasema wahamiaji "wanakaribia" wenyeji, wewe unaongelea lile pengo linalobaki. Mmoja anaangalia njia iliyokwisha, mwingine iliyosalia.

#26 NauliYaKwenda
Binti, hilo la kujilinganisha linanipa shida kwenye hoja yangu. Kama kila ukipanda unabadilisha wa kujipima naye, basi hata kazi nzuri itazoeleka.

#27 MgeniNjoo
Ndivyo walivyokuta watafiti Knight na Gunatilaka China mwaka 2010 kwa waliotoka vijijini kwenda mijini. Kipato kilikuwa juu kuliko cha waliobaki kijijini, kuridhika chini. Walitoa maelezo zaidi ya moja, kubwa likiwa matarajio: mtu anahama na matarajio kuhusu mji asioujua, halafu akifika matarajio yenyewe yanapanda kwa kuwaona wa mjini.

#28 Msiri
Mmesahau simu. Mshahara ukipanda, maombi yanapanda. Nilipopandishwa cheo nilijikuta naishi vilevile, ila idadi ya wanaonitegemea imekua. Shangazi, mjomba, mtoto wa rafiki wa mjomba. Baadaye nikapandishwa tena, sikumwambia mtu yeyote. Huo ndio mwaka niliouona mshahara wangu.

Na hapo hujaweka makato ya kutuma. Malengo ya Umoja wa Mataifa yanataka gharama ya kutuma ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, lakini wastani wa dunia kwa vipimo vya Benki ya Dunia umekuwa ukizungukia asilimia 6. Mhamiaji analipia hata ukarimu wake.

#29 BoksiJuuYaBoksi
Mimi kutuma ndiko kunaniridhisha. Siku nikituma na kupigiwa simu ya dua, nafanya shifti mbili bila kuhisi mgongo.

#30 Msiri
Subiri siku utakayotuma nusu.

#31 MkeWaViza
Naona wote mnajibizana kwa vipimo vya mtu mmoja. Kuna nyumba ambayo kipato kikipanda mmoja anaridhika na mwingine anazama. Nilipopata ruhusa yangu hatimaye, nilianza na kazi ya kaunta, nusu siku. Mume akasema hela hiyo haitoshi hata nauli na malezi ya mtoto, na kimahesabu yuko sahihi, tulikuwa tunapata hasara. Sikuacha.

#32 NauliYaKwenda
Kwa hiyo kazi, hata ya hasara.

#33 AnayesubiriJibu
Ruhusa, mkuu. Kasema "nilipopata ruhusa yangu".

#34 BoksiJuuYaBoksi
Hela yake mwenyewe, nyie. Msipindishe.

#35 DadaWaZamu
Mngemwacha mwenyewe aseme.

Mdogo wangu #31, kama bado unataka kurudi kwenye uhasibu nikwambie kilichonichelewesha mimi: nyaraka. Chuo changu kilitakiwa kutuma matokeo moja kwa moja kwa bodi ya huku, siyo mimi kuyabeba, na waliniomba mihtasari ya masomo ya mwaka ule niliosoma, si ya sasa. Kama una mtu aliye karibu na chuo chako, mtume aulize mapema kama mihtasari ya zamani bado ipo kabla hujalipia ada yoyote ya maombi.

#36 MkeWaViza
Asante dada. Na majina yakitofautiana, cheti kina la kwa baba na pasipoti ina la mume, wewe ulifanyaje?

#37 DadaWaZamu
Cheti cha ndoa kilichotafsiriwa na mtafsiri anayetambuliwa na bodi, pamoja na kiapo cha jina. Viambatanishe tangu mwanzo, usingoje waulize. Njoo inbox nikuonyeshe barua niliyoandika.

#38 TajiriMtarajiwa
Sista, na sisi tusio na cheti chochote inbox tunaruhusiwa?